Kutengeneza Kiko chenye Mwanzi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyarugusu)



Wengi wenu mliposikia kwamba tutasema juu ya kiko mlicheka, mkauliza: makarani wana nini na tezo na keekee? Jibu letu ni hili. Mtumishi wa Serikali aweza kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na kwa lazima afikapo 60. Siku hiyo kalamu hubaki ofisini, lakini mikono twaondoka nayo. Mikono isiyojifunza kazi kabla ya siku hiyo, itajifunza lini?

Kiko si kitu kigeni kwetu. Wazee wa pwani walikuwa na kiko cha maji, na kila sehemu yake ilikuwa na jina: bori ya kutilia tumbaku, digali la kupeleka moshi majini, kifuu cha kuwekea maji, na shilamu ya kuvutia. Hata mlio wa maji yale waliuita malio. Watu hawatungi majina mengi hivyo kwa kitu wasichokithamini. Tena katika miaka ya 1950 Arusha palitengenezwa viko kwa madini meupe laini yaliyochimbwa upande wa Amboseli, vikauzwa ng'ambo kwa jina hili hili la Kiko. Na Ulaya viko bora huchongwa kwa vigogo vya mizizi ya kijiti kiotacho kando ya Bahari ya Kati; kijiti hicho huota pia juu ya Kilimanjaro.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa bori twapenda mpingo, kwa kuwa ni mgumu na hauungui upesi. Utafuteni mkavu kabisa, usio na ufa. Toboeni kwanza, kisha ndipo mchonge. Maana kipande cha mraba hushikika vema katika jiliwa, lakini kilichokwisha viringwa huteleza. Tundu la tumbaku liwe na upana wa milimita 20 hivi na kina cha milimita 35. Ukuta wake usipungue milimita 8, ama mkono utaungua. Njia ya moshi, yenye upana wa milimita 4, itokee chini kabisa katikati ya tundu. Ikitokea juu, tumbaku ya chini haitawaka, nayo itageuka tope. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, basi fungeni kitambaa puani.

Mwanzi ndio roho ya kiko hiki. Ni mwepesi, una uwazi ndani, hunywa unyevu wa moshi, na vifundo vyake huupa nguvu. Chagueni wenye unene wa kidole gumba na vifundo viwili au vitatu vilivyokaribiana. Uanikwe kivulini miezi kadha, si juani. Kisha toboeni vizuizi vya ndani kwa waya uliotiwa motoni mpaka ukawa mwekundu, mkipitisha polepole. Kabla ya kuunga, zungusheni pete ya shaba penye kila ncha, maana mwanzi hupasuka kwanza nchani. Kiungo kiwe ulimi wa mpingo uliotobolewa, nusu ndani ya mwanzi na nusu ndani ya bori. Mdomo wa kuvutia ufanywe kwa pembe ya ng'ombe. Pembe ikichemshwa hulainika, ikapindika kama mtakavyo. Malizeni kwa msasa na nta ya nyuki. Ndani ya bori msipake rangi wala vanishi, maana mvutaji ataivuta pamoja na moshi.

Twawaambia haya kwa kuwa tumekwisha kosa. Kiko chetu cha kwanza tulikifanya kwa mwanzi mbichi, uliokatwa Jumamosi na kuungwa Jumapili. Tulikionyesha kwa majivuno mengi. Juma lile lile kilipasuka toka pete hata pete, na mzee aliyetufundisha hakusema neno ila alitabasamu. Haraka haraka haina baraka. Twalijua neno hili tangu shule, lakini mwanzi ndio uliotufundisha maana yake.

Liko onyo moja linalotuhusu sisi wa Nyarugusu hasa. Katika nchi hii ya dhahabu, makopo, sufuria na nyaya za mialoni huokotwa kwa urahisi. Msichukue chombo chochote kilichotumika kwa zebaki mkachemshie pembe au kutobolea mwanzi. Zebaki ikipata moto hutoa mvuke usioonekana, nao hudhuru ubongo na figo. Nunueni waya mpya. Bei yake ni ndogo kuliko afya.

Mwisho, tusiwafiche neno. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na moshi wa kiko nao huleta saratani ya kinywa. Sheria yetu ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18. Basi hatukuja kuwashawishi mvute. Miongoni mwetu wapo waliotengeneza viko wala hawajavuta hata siku moja. Huviweka kabatini, ama humpa mgeni kuwa ukumbusho wa Nyarugusu.

Lakini kazi ni kazi. Aliyejua kupima mwanzi, kutoboa mpingo na kuunga ulimi bila ufa, kesho aweza kutengeneza mpini, kigoda au filimbi. Wazee wajuao kazi hizi wapungua kila mwaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twawaomba kila mmoja wenu amtafute mzee mmoja mtaani pake, akae chini miguuni pake, aulize, angali yupo wa kujibu.