Ziara ya Mgodini Isiishie Getini

Maelezo ya kusomwa katika mikutano ya hadhara ya kata, wilaya za Ngara na Biharamulo



Ziara ya mafunzo kiwandani au mgodini ina sura inayojulikana na wengi. Basi linafika getini, wageni wanaandikwa daftarini, wanagawiwa kofia ngumu na vizibao vya kuakisi mwanga. Wanatembezwa kwa saa moja nyuma ya mwenyeji anayepaza sauti ili kuushinda mngurumo wa mitambo, wanapiga picha ya pamoja, wanakunywa soda, wanarudi. Wiki moja baadaye mwanafunzi akiulizwa alichojifunza hujibu kuwa mitambo ile ni mikubwa sana. Jibu hilo ni la kweli, lakini mafuta yaliyochomwa na basi ni mengi mno kwa jibu dogo kiasi hicho.

Wilaya za Ngara na Biharamulo hazina sababu ya kuridhika na ziara za namna hiyo. Ndani ya mipaka yake ipo mitambo ya umeme inayomilikiwa na nchi tatu, upo mgodi wa dhahabu ulio mikononi mwa umma, na ipo hazina ya nikeli inayoandaliwa kuchimbwa. Kazi za kihandisi zimekwisha kufika mlangoni. Kinachosubiriwa kujulikana ni nani atakayezifanya: kijana wa kata hizi, au mgeni atakayeshuka kituoni akiwa na cheti mkononi.

Darasa lililo karibu zaidi ni maporomoko ya Rusumo. Mradi wa umeme uliojengwa hapo katika Mto Kagera, mpakani mwa Ngara na Rwanda, una mitambo mitatu yenye uwezo wa megawati 80 kwa jumla. Umeme huo hugawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, yaani takribani megawati 26.7 kwa kila nchi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 za Marekani kwa ajili ya mradi huo mwaka 2013, na ujenzi ukaanza mwaka 2017. Takwimu hizo mwanafunzi anaweza kuzisoma akiwa darasani. Lililo gumu kulisoma darasani ni uamuzi uliofanywa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mpango wa awali ulikuwa wa kuinua maji na kuyahifadhi, jambo ambalo lingefunika mashamba na kuhamisha watu wengi zaidi. Wahandisi wakarudi mezani, na mradi ukajengwa kwa namna ya kutumia mtiririko wa mto jinsi unavyokuja. Kwa kufanya hivyo walipoteza kitu: mradi wa aina hii hauna akiba kubwa ya maji ya kutumia siku za ukame. Walichokipata ni ardhi iliyobaki juu ya maji. Mwanafunzi aliyesimama Rusumo na kuuelewa ubadilishanaji huo ameuona uhandisi wenyewe, kwa kuwa uhandisi ni kuchagua kati ya hasara mbili ukiwa na hesabu mkononi.

Tena ziara hiyo isiishie Rusumo. Umeme unaotoka pale husafiri kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 hadi kituo cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambako hukutana na njia itokayo Geita. Anayeona maporomoko asione kituo cha Nyakanazi amesoma nusu ya kitabu. Huko ndiko anakoweza kuuliza kwa nini nguzo kubwa zinapita juu ya kitongoji ambacho bado hakijawashwa taa. Jibu analostahili kupewa ni la kitaalamu: umeme wa msongo mkubwa hauwezi kushushwa nyumbani pasipo kupozwa kwanza kwenye kituo, kisha kusambazwa kwa njia ndogo, na kila hatua ina gharama yake.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Rusumo ambalo wenyeji wa ziara hawalitaji mara nyingi. Mradi kama ule unapojengwa huhitaji watu wengi: wachimba mahandaki, wafunga nondo, wachomeleaji, madereva, wapishi. Ukikamilika, watu wachache huketi katika chumba cha kuongozea mitambo wakisoma vioo vya kompyuta, na wengine wachache hukagua na kukarabati. Mwenye koleo hurudi nyumbani. Anayebaki ni yule aliyejifunza, wakati ujenzi ukiendelea, kazi itakayohitajika ujenzi ukiisha.

Biharamulo inalo somo lake, tena la zamani zaidi. Mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni, kwanza kwa shimo la wazi, baadaye kwa kuingia chini ya ardhi. Mwezi Novemba 2013 Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliununua, na kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD ikaendelea kuuendesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka mgodi ulipoanza kuzalisha alikuwa bado yuko madarasa ya chini ya shule ya msingi mmiliki wa kwanza alipoondoka. Huo ndio umri wa migodi mingi. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021, na leo majengo yake yanatumika, pamoja na mambo mengine, kama chuo cha kuwanoa wasimamizi wa kazi migodini. Dhahabu ya Buzwagi imeondoka, na ufundi ndio unaoendelea kuzalishwa pale.

Sasa ije Kabanga. Nikeli ya Ngara si habari mpya: utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa uliigundua miaka ya 1970, na tangu hapo hazina hiyo imepita katika mikono ya kampuni mbalimbali bila mgodi kufunguliwa. Wazee waliowaonyesha njia watafiti wa kwanza leo wana wajukuu. Mwezi Januari 2021 Serikali na mwekezaji walisaini mkataba ulioipa Serikali hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel, na mwezi Oktoba mwaka huohuo leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Upembuzi yakinifu uliotangazwa Julai 2025 unakadiria uhai wa mgodi kuwa miaka 18. Utakuwa mgodi wa chini ya ardhi, na mwamba wake una nikeli pamoja na shaba na kobalti. Katika mpango wa mradi, makinikia yasafishwe nchini, Kahama, kwa njia ya kuyayeyusha ndani ya vimiminika vya kikemikali chini ya mgandamizo mkubwa badala ya kuyachoma kwenye tanuru.

Hapa mzazi achukue kalamu. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza leo anahitaji miaka minne kufika kidato cha nne, miwili ya kidato cha tano na sita, minne ya shahada ya uhandisi, na baada ya hapo mitatu ya mafunzo ya vitendo chini ya mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Jumla ni miaka 13. Iwapo mtoto huyo ataanza kidato cha kwanza siku ileile mgodi utakapoanza kuzalisha, atakuwa mhandisi aliyesajiliwa mgodi ukiwa umebakiza miaka mitano. Njia ya fundi sanifu ni fupi zaidi: miaka minne ya sekondari na takribani mitatu ya stashahada, yaani miaka saba. Njia ya ufundi stadi kupitia VETA ni fupi kuliko hiyo. Mkondo wa amali ulioanza katika baadhi ya shule za sekondari Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, umeletwa kwa sababu ya hesabu kama hizi: kijana amalize kidato cha nne akiwa na elimu ya jumla na ufundi unaotambulika.

Kwa hiyo ziara ya mgodini kwa mwanafunzi wa kidato cha nne anayekaribia mtihani imechelewa. Amekwisha kuchagua masomo, na huenda aliiacha fizikia akiwa kidato cha pili kwa sababu hakuna aliyemwonyesha inakotumika. Wa kupelekwa mapema ni wa kidato cha kwanza na cha pili, hasa wasichana, ambao mara nyingi huambiwa na jirani kuwa mgodi ni wa wanaume wenye misuli. Mgodi wa kisasa wa chini ya ardhi una mashine za kupakia mawe zinazoweza kuongozwa na mtu aliyeketi mbali na hatari, akiwa na vioo mbele yake na usukani mdogo mkononi. Misuli haina kazi kubwa hapo. Umakini unayo.

Kuna kundi jingine ambalo ziara hizi hulisahau kabisa, nalo ni mafundi waliopo. Benaco, Kabanga, Lusahunga na Nyakanazi zimejaa watu wanaofungua gia za malori yaendayo Rwanda na Burundi usiku wa manane, kwa tochi, wakalifanya lori liondoke alfajiri. Ujuzi huo ni mkubwa na hauna karatasi. Mwenye mradi mkubwa hawezi kumwajiri mtu kwa sifa za mdomoni, kwa kuwa sheria za usalama kazini na bima humtaka athibitishe kuwa aliyegusa breki za mtambo alikuwa na sifa za kuzigusa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, penye pengo hupewa mafunzo mafupi, anayefaulu hupewa cheti. Hatakiwi kuanza upya kama mtoto. Hata hivyo apimwe mapema, kwa sababu kazi yenyewe inabadilika chini ya mikono yake. Lori la zamani lilitoa siri zake kwa sikio. La sasa huzitoa kwa kifaa cha kusoma hitilafu kinachochomekwa kwenye mfumo wake wa umeme. Fundi wa Lusahunga aliyepelekwa siku tatu kwenye karakana ya mgodi atarudi na kitu ambacho ataanza kukitumia Jumatatu. Ni vigumu kulisema hilo kuhusu ziara nyingi za viongozi.

Nani alipie? Swali hili lina majibu mazuri kuliko inavyodhaniwa. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango unaogusa ajira na mafunzo na uhamishaji wa teknolojia. Sheria ya Madini nayo, katika kifungu cha 105, inamtaka aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa pamoja na halmashauri husika. Hii ina maana kwamba vipaumbele vya fedha hizo hupita mahali ambapo sauti ya kata inaweza kusikika, kuanzia mkutano wa kijiji, kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, hadi Baraza la Madiwani.

Ukweli usemwe: kata nyingi zikiulizwa huomba jengo. Jengo huonekana, huzinduliwa, huwekewa kibao. Ada ya msichana mmoja anayesomea umeme wa viwandani haiwekewi kibao, na mwaka wa kwanza haionyeshi chochote. Madarasa na zahanati vinahitajika, na hakuna anayebisha. Lakini kata inayoorodhesha majengo matano na isiweke nafasi hata moja ya mafunzo inajiandaa kuwa mwenyeji wa wafanyakazi kutoka kwingine.

Ziara yenye faida, basi, huanza kabla ya basi kuwashwa. Mwalimu wa fizikia na mwenyeji wa mgodi wazungumze mapema juu ya mada iliyo darasani wiki hiyo. Kama ni mgandamizo, watoto wapelekwe kwenye pampu, waachane na ofisi ya meneja. Kundi liwe dogo, kwa sababu watu 60 nyuma ya mwenyeji mmoja hawasikii. Walau mwenyeji mmoja awe fundi wa daraja la chini aliyezaliwa jirani, aeleze alivyofika pale, alishindwa wapi, analipwa kwa ujuzi upi. Wakirudi, watengeneze kitu: mfano wa mlango wa kuzuia maji kwa mabati chakavu, au mchoro wa saketi ya umeme ya shule yao. Mwenyeji aletewe auone.

Maswali ya kwenda nayo ni machache na yanatosha siku nzima. Kazi zipi hapa zilikuwepo miaka mitano iliyopita na leo hazipo? Zipi zinatafutiwa watu na hawapatikani? Cheti gani kinahitajika, kinapatikana chuo gani, kwa ada kiasi gani? Mgodi ukifungwa, mwenye ujuzi huu ataufanyia kazi wapi? Mwenyeji asipokuwa na jibu la swali la mwisho, liandikwe na lipelekwe kwenye kikao cha kata pamoja na mapendekezo ya mpango wa mwaka unaofuata.

Fundi anayetaka ujuzi wake upimwe aanze kwa mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii, akiwa na kitambulisho cha taifa na vielelezo vya kazi alizofanya, hata kama ni picha za simu na majina ya wateja watakaomthibitisha. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyohitaji vifaa vya karakana viulize hapohapo kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mashine ya kuchomelea ni ombi linaloeleweka haraka, hasa likiambatana na hesabu ya wateja.