Jiko la Majira ya Baridi na Hesabu ya Januari

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za miradi za sharika na wafadhili)



Tumeombwa tuseme machache juu ya ziara yetu kwa washarika wenzetu wa kaskazini mwa Ujerumani, ambako tulikaa wiki tatu za Januari. Wengi mmetuuliza habari za majengo na miradi. Sisi tutaanzia jikoni, maana huko ndiko tulikojifunza zaidi.

Mwanzoni mwa Januari mjini Hamburg jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi, na ifikapo saa kumi na robo jioni limekwishazama. Kinacholiwa ni kile kilichowekwa tangu mavuno: viazi, karoti, vitunguu, njegere kavu za supu, na kabichi iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na kushindiliwa chomboni mpaka ichachuke. Kabichi hiyo hukaa miezi kadhaa mahali pa baridi bila kuharibika, na vitamini C bado imo.

Mboga chache huachwa shambani. Mojawapo ni ndugu wa sukuma wiki yetu, yenye majani ya kujikunjakunja, nao huiita Grünkohl. Wenzetu wa Makete mnaoona umande ukiganda Juni na Julai mtashangaa kusikia kwamba baridi haiiui mboga hii. Sukari hujikusanya kwenye majani na ladha inakuwa tamu zaidi. Huchemshwa taratibu na vitunguu, mafuta ya nguruwe na soseji za moshi. Huko Bremen na Oldenburg watu hutembea kwanza kwa miguu kwenye baridi, kundi zima na mkokoteni wa vinywaji, ndipo wakae kuila. (Vinywaji vyenyewe tusivizungumzie hapa.)

Ndugu zangu, msidhani hawa ni watu waliozaliwa na shibe. Mwaka 1916, vita vikiendelea na meli za Waingereza zikizuia bidhaa kuingia, mavuno ya viazi yaliharibika. Majira ya baridi ya 1916/17 watu wa mijini walikula mzizi mmoja mnene wa jamii ya kabichi, ambao zaidi ulikuwa chakula cha mifugo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, baridi kali ya 1946/47 iliwakuta tena na njaa.

Mama aliyetukaribisha alikuwa mtoto mdogo baridi ile ya 1946/47. Kila mwaka, sikukuu ya Epifania ikishapita, hushuka peke yake kwenye stoo iliyo chini ya nyumba, na daftari mkononi. Huhesabu viazi, huhesabu mitungi ya kabichi, na saa hiyo hapendi kusemeshwa. Sisi tulifikiri ni kazi ya nyumba tu. Alituambia kwamba pale ndipo anapoutafakari mwaka: nani amefariki, nani hajatembelewa, kilichobaki kitoshe nani na nani. Juu ya meza yake kulikuwa na kitabu cha neno la kila siku cha Herrnhut, ambacho hutolewa tangu 1731. Ni Wamoravian wa huko huko waliofika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo kitabu hicho si kigeni sana kwetu.

Huku kwetu Januari haina theluji. Ina sare za shule, madaftari na madeni ya Krismasi, na kinachokimbiliwa ni gunia la mahindi. Mara nyingi gunia linalouzwa Januari hununuliwa tena Machi, debe kwa debe, kwa bei ya juu zaidi. Hapo ndipo kamati hupokea barua za kuomba msaada, nasi tunawaandikia wafadhili kwa haraka, wakati bei imekwishapanda.

Hebu tufanye hesabu. Familia ya watu sita ikila debe moja kwa wiki, kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Mei ni wiki 19. Hayo ni madebe 19, yaani magunia matatu na debe moja. Mwenye magunia mawili leo tayari ana upungufu, ingawa sufuria yake bado inajaa na mwenyewe hajalalamika. Huyo ndiye tunayetaka kumjua sasa, hasa akiwa mjane au bibi anayelea wajukuu.

Tunaomba basi kila kamati ipite nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Mtu asihojiwe mbele ya majirani. Aachiwe kwanza nafasi ahesabu mwenyewe kwa utulivu, ndipo aseme. Benki za nafaka za sharika zisiuze hata gunia moja kabla ya orodha kukamilika. Wafadhili wetu nao watapata takwimu mapema, wajue wanachangia magunia mangapi na kwa mtaa upi.

Fomu ziko kwa wahazini wa sharika. Zirudi ofisini kabla ya Jumatano ya Majivu.