Ukiinua Gari, Inua na Uangalifu

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi kwa madereva, mafundi wa gereji na wananchi wa Bwera na Mpondwe, pamoja na majirani wa Kasindi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huliona mpakani hapa, nalo ni magari yaliyofungwa matairi makubwa na kuinuliwa juu. Sikuja kuwalaumu wenye magari hayo. Dereva anayepita njia za udongo upande wa Kongo wakati wa mvua, amebeba magunia ya kakao, au anayeteremka na mgonjwa kutoka vijiji vya Rwenzori, anajua kwa nini anataka gari la juu. Tairi refu huiweka difu mbali na jiwe, na springi ndefu hulipa gurudumu nafasi ya kushuka shimoni bila kuning'inia. Haja hiyo ni ya kweli.

Ninalotaka mlichukue nyumbani ni neno moja. Anayefunga tairi kubwa habadilishi tairi peke yake. Anabadilisha usukani, breki, taa na kipimo cha mwendo. Akibadilisha kimoja na kuviacha vingine, kazi yake ni nusu, na gharama ya nusu iliyobaki hulipwa na mtu mwingine barabarani.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa askari wa usalama barabarani, nikisimama kwenye kizuizi. Lilikuja gari lililoinuliwa, matairi yake mapya yakinifika karibu na kiuno, limejaa watu na mizigo. Nilitazama stakabadhi, nikalitazama gari, nikajiambia, "Hili ni imara." Nikalipungia mkono lipite. Haikupita saa moja tukaitwa. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limelala ubavu chini ya gari, na gari lenyewe limeingia kwenye migomba. Mkono wa juu wa saspensheni, ule ambao mafundi huuita amu, ulikuwa umekatwa na kuunganishwa kwa kuchomelea ili uendane na kimo kipya, nao ulikatika pembeni mwa mshono. Mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni alipoteza mguu. Fundi aliyeuchomelea alifika pale akalia mbele yetu. Sikuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa mimi nami nililitazama gari lile na sikuliona.

Tangu siku ile nimejifunza kutazama chini ya gari. Ninayowaeleza leo nimeyapata kwa mafundi walio tayari kufundisha.

Tuanze na tairi lenyewe. Magari mengi ya Prado na Hilux hutoka kiwandani na tairi la 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Wengi hulivua na kufunga 285/70R17, ambalo kipenyo chake ni milimita 831 hivi. Tofauti ni ya vidole vitatu tu, lakini kila mzunguko mmoja gari husonga mbele kwa asilimia 7 zaidi, na spidomita haijui. Ikiwa ilikuwa sahihi kabla, sasa ikionyesha 80 wewe unakwenda karibu 86, na ikionyesha 100 unakwenda 107. Dereva anayeniapia kwamba hakuvuka mwendo huenda anasema kweli kwa kadiri ya alivyoona. Kipima umbali nacho hudanganya vilevile: unapodhani umetembea kilomita 5,000 tangu kubadilisha oili, umetembea 5,350.

Breki nazo zimebaki zilezile. Tairi likiwa refu, nguvu ya breki inayofika chini hupungua, kwa sababu breki inashika katikati na tairi linasukuma kwa mbali. Ongezeni hapo uzito wa tairi jipya na mwendo usioonekana kwenye spidomita. Gari lililokuwa likisimama mbele ya kivuko cha watoto wa shule sasa litasimama juu yake. Kwa hiyo anayefunga matairi makubwa aongeze nafasi kati yake na gari lililo mbele, na akague pedi za breki mapema kuliko alivyozoea.

Sasa tufike kwenye mikono ya saspensheni, ambako ndiko maisha ya watu yanakoshikiliwa. Katika Prado na Hilux, kila gurudumu la mbele linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na kila mkono una boljointi inayoliruhusu gurudumu kugeuka na kupanda. Ukiliinua gari sentimita 5 kwa springi ndefu, mikono yote huinama kuelekea chini. Boljointi ya juu hukaribia mwisho wa uwezo wake wa kujipinda. Gurudumu likishuka shimoni, shina lake hugonga kikombe chake. Likigonga kwa miezi kadhaa hulegea, na likilegea siku moja hutoka.

Kuna jambo la pili lisiloonekana kwa macho. Tazameni uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea nyuma. Mlalo huo ndio unaoifanya baiskeli iende mbele hata ukiachia mikono kidogo. Gari nalo lina mlalo kama huo, na ukiliinua, mlalo hupungua. Usukani huwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari huyumba likifika mwendo wa barabara kuu. Mikono ya juu iliyotengenezwa mahsusi kwa gari lililoinuliwa ina boljointi yenye pembe kubwa zaidi na huurudisha mlalo huo mahali pake. Kwa magari ya Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele, kama zile za 76, 78 na 79, mlalo hurekebishwa kwa bushi maalumu au kwa mikono mirefu iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Ndugu mafundi, nawasihi kwa heshima: mkono wa saspensheni haukatwi wala hauchomelewi. Chuma chake kilitengenezwa kustahimili mishtuko, na moto wa kuchomelea hukidhoofisha kando ya mshono, mahali ambapo rangi mpya huficha kila kitu. Mwenye gari asiye na fedha za mikono sahihi aambiwe abaki na kimo cha kiwandani. Kumkatalia mteja ni vigumu, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa kaburini.

Kuna pia kosa dogo linalofanywa na mafundi wazuri. Bushi za mpira zinatakiwa kukazwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, gari likishuka mpira hubaki umejisokota kila siku, nao hupasuka kabla ya wakati. Baada ya kazi, gari lipelekwe kwenye alaimenti, na nati zote zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wa mpakani kuliko wengine. Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Kongo wanaendesha upande wa kulia. Gari lililoundwa kwa barabara za kushoto, taa zake za chini hupeleka mwanga juu kidogo upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara. Likivuka kwenda Kasindi, upande huo wa kushoto ndiko yanakotoka magari mengine. Gari la Kongo likija kwetu, hali ni ileile upande wa kulia. Sasa liinueni gari hilo sentimita 7 au 8 kwa matairi na springi, tena sehemu ya mbele kuliko ya nyuma: mwanga unaingia machoni mwa anayekuja. Mwendesha bodaboda aliyepofushwa hana pa kushika. Taa zirekebishwe mara baada ya kuinua gari, na anayevuka usiku apunguze mwendo mara anapoona taa mbele yake.

Msisahau upepo. Wengi hupunguza upepo wa tairi ili kupita matope, nalo ni jambo la maarifa. Hatari huja wanapofika kwenye lami na kuelekea Kikorongo bila kuurudisha. Tairi lenye upepo kidogo hujikunja, hupata joto na hupasuka. Anayepunguza upepo na awe na pampu garini.

Kwa mwenye gari, na hata kwa abiria anayetaka kujua anapanda nini, haya ndiyo ya kutazama. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, uone kama tairi linagusa madigadi au fremu. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise, likicheza, usisafiri. Gurudumu likining'inia, mpira wa breki usiwe umevutika kama uzi wa kuanikia nguo. Linganisha spidomita na kipimo cha simu, abiria akiisoma. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kung'aa na bado likawa limezeeka. Soma pia namba ya uwezo wa kubeba: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na 121 ni kilo 1,450. Tairi la akiba liwe na ukubwa sawa na mengine.

Na jueni kwamba kuinua gari hakuongezi uzito linaloruhusiwa kubeba. Kinyume chake, gari la juu hupinduka kwa urahisi zaidi, na magunia juu ya paa yenye abiria juu yake huongeza hatari hiyo. Kabla ya kubadilisha chochote, zungumzeni na kampuni yenu ya bima. Ajali ikitokea ng'ambo ya mpaka, huo si wakati wa kuanza kueleza tairi lilitoka wapi.

Wananchi wenzangu, nimesema makosa yenu. Haki ni kwamba niseme pia wajibu wetu. Askari anayetazama stakabadhi tu na kuacha kutazama chini ya gari hajakagua. Leteni magari yenu kituoni mchana, kabla ya safari, tuyatazame pamoja na fundi wenu. Anayekuja kuuliza si mshtakiwa. Abiria nanyi, mkisikia gari linagonga kila linapopita shimo, semeni. Dereva akikasirika, shukeni.

Mama yule wa sokoni bado namwona anapopita na mkongojo wake. Hunisalimu, nami humwitikia, na kila mara hukumbuka mkono niliouinua kuliruhusu gari lile lipite. Sitaki yeyote kati yenu, awe fundi, dereva au askari, abebe kumbukumbu kama hiyo.

Nawatakia safari njema pande zote mbili za mto.