Jina Lililotangulia Maana: Asili ya Neno Brexit



Wanaisimu huita uhulutishaji ile njia ya kuunda neno jipya kwa kuunga vipande vya maneno mengine. Ndivyo Kiswahili kilivyopata chajio kutokana na chakula cha jioni. Leo nachambua Brexit, neno lililoundwa kwa njia hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba neno hili liliwapa Waingereza jina la jambo ambalo walikuwa bado hawajakubaliana ni jambo gani.

Chimbuko lake ni Ugiriki. Februari 2012, nchi hiyo ikiwa imeelemewa na madeni, Ebrahim Rahbari, mchumi wa benki ya Citigroup, alibuni Grexit: herufi za mwanzo za jina la nchi kwa Kiingereza, zikafuatwa na exit, yaani kutoka. Mei mwaka huohuo Peter Wilding aliandika Brexit kwa kufuata kiolezo hicho. Mwanasheria huyo alitaka Uingereza ibaki katika Umoja wa Ulaya. Neno la mwenye kuonya likaja kuwa bendera ya wenye kuondoka.

Grexit ilikuwa na maana moja: kuachana na sarafu ya yuro. Brexit haikuwa hivyo. Norwe si mwanachama wa Umoja, lakini imo katika soko lake la pamoja. Uturuki nayo ina umoja wa forodha na Ulaya bila uanachama. Njia za kuwa nje zilikuwa nyingi, na neno lilizifunika zote. Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura waliulizwa kubaki au kuondoka tu, na asilimia 51.9 wakachagua kuondoka. Theresa May, akiwania uongozi wa chama chake, alisema Brexit maana yake ni Brexit. Hapo jina lilijifafanua kwa jina.

Tazameni pia kipande cha kwanza. Kinataja Britania, ilhali dola iliyopiga kura ni Britania pamoja na Ireland ya Kaskazini. Kamba hukatikia pembamba: mpaka wa Ireland, ulioachwa wazi baada ya makubaliano ya amani ya 1998, ndio uliogeuka fundo gumu kuliko yote. Mwaka 2019 Bunge lilikataa mara tatu mkataba wa kuondoka ambao May, akiwa Waziri Mkuu, alikubaliana na Umoja wa Ulaya, na suala la mpaka huo lilikuwa kiini cha ubishi. Uingereza iliondoka Januari 31, 2020.

Sisemi neno ndilo lililoamua kura. Uchumi, uhamiaji na madaraka ya Bunge vilikuwa na uzito wake. Nasema neno liliahirisha maswali mpaka baada ya kura. Mwanaisimu, mwanahabari na mwalimu wana wajibu wa kuyauliza mapema: nani anatoka, anatoka wapi, na anakwenda wapi? Raia anastahili majibu hayo kabla ya kushika karatasi ya kura.