Kimya cha Waganda wakati wa vita vya Kagera
(Maneno niliyozungumza mbele ya Watanzania wenzangu hapa Leicester)

 

Nimepewa dakika kumi nizungumzie vita na ari ya raia chini ya dikteta. Mimi si mwanahistoria, ni nesi, na vita vya Kagera vilipiganwa sijazaliwa. Ila kuna hoja inayonikera kila tukikutana. Wanasema Waganda walimtaka Amin, la sivyo wangekaaje kimya miaka minane? Na wengine huongeza kwamba vita vikija, wananchi hujipanga nyuma ya mtawala wao hata kama ni mbaya.

Tuanze na hicho kimya. Julai 1976 mateka mmoja wa Entebbe, mama mzee aitwaye Dora Bloch, alilazwa Mulago. Waisraeli walipokuja kuwaokoa wenzake, yeye alikuwa bado kitandani. Watu wa Amin wakaja kumchukua wodini, na mwili wake ukaja kupatikana 1979. Fikirieni wale manesi waliokuwa zamu. Kesho yake walirudi kazini, wakatandika vitanda, wakagawa dawa. Je, walikuwa wanamuunga mkono Amin? Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili waliuawa, redio ikasema ni ajali ya gari. Kila mtu alijua, na kila mtu akasema pole kwa ajali. Mwenye watoto angesema nini?

Halafu kulikuwa na njaa ya vitu. Wahindi walifukuzwa 1972, wengi wao wakaishia mji huu huu tulioketi. Maduka yakagawiwa askari na marafiki zao, ambao watu waliwaita mafuta mingi. Sukari, chumvi na sabuni zikawa za magendo. Kwa hiyo Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipovuka mpaka na Redio Uganda ikatangaza kwamba ardhi yetu mpaka mto Kagera sasa ni ya Uganda, yule mama wa Kampala anayetafuta sabuni alishangilia nini?

Hapa nawaletea mgonjwa wangu. Sitataja jina, umri wala wodi, mnajua sheria zetu. Ni bibi wa Kiganda. Usiku mmoja nilikuwa naongea Kiswahili na mwenzangu wa Mombasa karibu na kitanda chake, nikaona bibi amevuta shuka mpaka kidevuni na hajibu kitu. Asubuhi alinieleza. Kwao Buganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Ukikisikia mlangoni usiku, unajua wamekuja kuiba au kumchukua mtu. Nilitahayari, jamani. Lugha niliyoimbiwa nikilala!

Nikamuuliza, vita vilipokuja mlijisikiaje? Alisema miezi ile walijifunza kuisikiliza redio kinyumenyume. Ikisema adui ametimuliwa mahali, wanajua pale pameshatekwa. Mwisho mizinga ikawa inasikika Kampala kwenyewe na redio bado inatangaza ushindi. Ndani ya nyumba, na milango imefungwa, waliomba jeshi la nchi yao lishindwe. Akaniambia kwa sauti ya chini, akiangalia mlangoni, na hapa ni Uingereza na miaka zaidi ya arobaini imepita.

Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Watu wakamiminika barabarani kuwalaki wapiganaji wetu. Bibi anakumbuka kijana mmoja mwenye bunduki aliyempa mama yake shikamoo. Mama hakujua neno lile maana yake nini, akajua tu kwamba hakutukanwa.

Tusijisifu sana lakini. Baada ya Masaka kutekwa Februari, jeshi letu lilibomoa sehemu kubwa ya mji kulipiza yaliyofanywa Kagera, na waliobomolewa ni raia wale wale waliokuwa wakituombea tushinde. Nasi tulikuwa nchi ya chama kimoja yenye sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Hata hivyo Mwalimu alipotangaza vita Novemba 2, 1978, wananchi walitoa ng'ombe, chakula na vijana wao wa mgambo, kwa sababu Kyaka ilikuwa imevamiwa kweli na waliokimbia walionekana kwa macho. Tulipoambiwa tufunge mikanda miezi 18, baba yangu anasema watu walikubali. Miezi 18 ikageuka miaka, foleni za sabuni zikahamia kwetu, na imani ile ikaanza kupungua. Hilo lina mjadala wake.

Kazini kwetu tunamwuliza mgonjwa maumivu yake ni kiasi gani, toka sifuri mpaka kumi. Yule bibi, nyonga imevunjika, kila siku alisema sifuri. Zamu ikaandika sifuri, na dawa akapewa ya sifuri. Mpaka nilipofunga mlango, nikaketi, nikamuuliza tena taratibu, ndipo akasema tisa.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Najua ukumbini humu wamo wazee wawili waliofika Masaka na jeshi. Ningeomba tuwasikie wao kwanza kabla ya maswali.