Jina Kamili, Muda Kamili

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya Kamati ilinitaka nizungumzie kazi yangu ya kuandika habari za riadha za shule za sekondari, na imenipa dakika 20. Kwa muda huo mwanariadha mzuri wa shule huweza kumaliza mita 5,000 na kubakiwa na nafasi ya kunywa maji. Kwa hiyo sina haki ya kulalamika kwamba ni chache.

Wengi wenu mkisikia habari za michezo hufikiria mpira wa miguu. Simba na Yanga wana waandishi wao na wapiga picha wao, na wasemavyo watu, hata waganga wao. Riadha ya shule haina hata kiti. Mwandishi wake husimama juani tangu saa mbili asubuhi, daftari mkononi, na jioni anapomwambia mhariri kwamba ana habari ya mashindano ya wilaya, huulizwa: "Nani kafunga?" Mhariri mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akikata habari zangu kuanzia chini kwenda juu mpaka zitoshe nafasi iliyobaki chini ya tangazo la sabuni. Mara nyingi ilitosha sentensi moja.

Hata hivyo nimeendelea, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo. Mwanafunzi anayekimbia hupewa zawadi ya sahani, kikombe, au madaftari sita. Sahani huvunjika na madaftari hujaa. Mali moja tu anaweza kutoka nayo uwanjani ikamfaa hata akiwa mzee, nayo ni jina lake likiwa limeandikwa kando ya muda wake. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mali hiyo anaipata, na kwamba ni ya kweli.

Tuanze na muda. Vijana wengi hudhani kupima muda ni kubonyeza saa. Katika viwanja vyetu mwanzishaji aghalabu hana bastola; ana mbao mbili anazozigonga. Mshika saa amesimama kwenye utepe, mita 100 mbali naye. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo humfikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya mkimbiaji kuondoka. Mshika saa anayesubiri sauti amemzawadia mkimbiaji sekunde 0.3 bila jasho: kijana wa sekunde 11.4 anatangazwa kuwa wa 11.1, na shule nzima inaruka. Mshika saa mwenye elimu hutazama moshi wa bastola, au mbao zinapokutana, wala hasubiri sikio. Tena sheria inamtaka, kwa saa ya mkono, aupandishe muda hadi sehemu ya kumi inayofuata: saa ikisoma 11.32, huandikwa 11.4. Washika saa wakiwa watatu na wakatofautiana wote, huchukuliwa muda wa katikati. Wakiwa wawili, huchukuliwa ule mrefu zaidi. Sheria za riadha hazina huruma, na hapo ndipo heshima yake inapotoka.

Kisha kuna uwanja wenyewe. Tunapiga chokaa kwa kamba na hatua za mwalimu, tunasema ni mita 400. Chukueni uwanja uliopungua mita 8 tu kwa kila mzunguko. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo wakimbiaji wameibiwa mita 30, na kwa kijana anayekwenda kwa dakika 4 na sekunde 10, hizo ni sekunde 5. Atakwenda mkoani akijiona simba, na huko uwanja uliopimwa sawasawa utamwambia ukweli mbele ya watu. Ndiyo maana nikifika mahali pageni jambo la kwanza naomba utepe wa kupimia. Walimu wengine hunichukia kwa hilo, lakini wanariadha wao hawajapata kunichukia.

Msidhani mambo haya ni ya viwanja vya nyasi peke yake. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho akavunja rekodi ya dunia. Mitambo ilisoma dakika 3:32.16, lakini kwa kanuni za siku zile rekodi iliandikwa 3:32.2. John Walker aliyemfuata alipata 3:32.52, naye pia alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Na mwezi Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia, medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wameandikwa muda ule ule, saa 2:09:48. Baada ya kilomita 42 na ushei kilichowatenganisha ni mia tatu za sekunde, yaani 0.03. Kamera ndiyo iliyoamua. Sisi wa shule hatuna kamera hiyo. Tuna kidole gumba na uaminifu.

Sasa nije kwenye jina. Ninayo desturi moja: kila mshindi nampa daftari na kalamu, aandike jina lake mwenyewe, majina yote matatu, na kidato chake. Nilianza hivyo ili nisikosee tahajia, lakini desturi hiyo imenifunza mengine.

Mwaka mmoja, katika mashindano ya wilaya kuelekea UMISSETA, mita 1,500 za wavulana zilichukuliwa na kijana mrefu aliyevaa fulana ya shule moja ambayo sitaitaja. Mzunguko wa mwisho aliwaacha wenzake kama waliosimama. Nikampa daftari. Akaandika jina la kwanza, akasita, akamtazama mwalimu wake. Ndugu zangu, mtu hasiti kuandika jina lake. Nikafungua kurasa za nyuma, na kweli, kwenye mbio za Sabasaba za mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwandika kijana yule yule kwa jina lingine, mkulima, si mwanafunzi.

Sikupiga kelele. Nilimwendea msimamizi wa mashindano nikamwonyesha kurasa zote mbili. Rejista ya shule ikaletwa. Jina alilotumia lilikuwamo. Mwenye jina alipatikana ameketi miongoni mwa washangiliaji, akishangilia ushindi wake mwenyewe. Matokeo yakafutwa, na aliyekuwa wa pili, mtoto wa kidato cha tatu aliyekimbia peku, akapandishwa na kuingia timu ya mkoa. Alilia. Nadhani hata mwalimu wake alilia.

Watu wakanipongeza kwa kumkamata mamluki. Lakini nataka leo mmwangalie yule mamluki mwenyewe. Alikuwa na miaka 21, shule aliiacha darasa la saba, na aliahidiwa jozi ya viatu. Siku ile alikimbia dakika 4 na sekunde 1 katika nyasi, na uwanja nilikuwa nimeupima mwenyewe. Ulikuwa muda bora kuliko wote niliowahi kuushuhudia katika wilaya ile. Muda ule hauko popote. Hauwezi kuandikwa kwa jina la aliyekuwa akishangilia, maana hakukimbia. Hauwezi kuandikwa kwa jina lake, maana hakusajiliwa. Nilimfuata kijijini kwao nimshauri ajitokeze katika mbio za wazi za mkoa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Nikaambiwa ameshakwenda Mererani, machimboni. Sikumwona tena. Waliomtumia walirudi kazini Jumatatu kama kawaida.

Vijana, mkisikia mwalimu au kiongozi anasema kwamba mamluki ni ujanja wa mchezo tu, mkumbukeni huyo. Mamluki humnyima nafasi mwanafunzi wa pili, hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni kwamba mamluki mwenyewe huibiwa mbio zake.

Jambo la tatu ni la mtu wa mwisho. Waandishi wengi hufunga daftari watatu wa kwanza wakishapita. Mimi husubiri. Tarehe 20 Oktoba 1968, kule Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni akaumia goti na bega. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, giza limekwisha kuingia, watazamaji wengi wameshakwenda zao, akamaliza kwa saa 3:25:27. Dunia inalikumbuka jina lake, na wengi hawamkumbuki aliyepata shaba siku ile. Alikumbukwa kwa moyo wake, sina shaka. Lakini alikumbukwa pia kwa sababu wapiga filamu walikuwa bado hawajafunga kamera zao. Moyo kama ule huonekana kila mwaka katika mita 10,000 za shule, saa sita mchana, wakati mwandishi amekwenda kutafuta chai.

Vivyo hivyo kwa michezo ya kutupa na kuruka, ambayo hufanyika pembeni huku macho yote yako kwenye mbio. Theresia Dismas alirudi na medali ya kutupa mkuki kutoka michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, kabla Bayi hajajulikana. Fungueni ripoti za mashindano ya shule mtafute mkuki wa wasichana. Mara nyingi mtakuta jina la mshindi bila umbali, au umbali bila jina. Kwa nini mtoto wa kike atupe mkuki mita 35 halafu aandikwe "na wengineo"?

Ndugu Mwenyekiti, kuna kitu kimoja ambacho sikiandiki, nacho ni unabii. Mhariri hupenda kichwa cha habari kinachosema "Bayi mpya apatikana." Nimekataa kila mara nilipoweza. Mtoto wa miaka 16 ana mtihani, ana ada, ana miguu ambayo bado inakua. Ukimtwika jina la Bayi mwezi wa tano, mwezi wa sita akashika nafasi ya nne, wenzake bwenini watamwita Bayi kwa kumcheka. Nimemwona mmoja aliyeacha kukimbia kwa sababu hiyo tu, wala hakuumia popote. Kwa hiyo mimi huandika alichokifanya: jina, kidato, umbali, muda, hali ya uwanja. Sifa za kweli zimo humo humo kwenye tarakimu, na hazimdai chochote.

Mtasema kwamba siku hizi kila mtu ana kamera katika simu, mambo yamekuwa rahisi. Picha ni nyingi, ni kweli. Nimeonyeshwa picha za vijana wakikata utepe, nzuri sana. Nikiuliza ni nani, walisema ni yule wa Fomu Tu. Nikiuliza alikimbia kwa muda gani, walisema alikimbia sana.

Jana nilimwomba Mwalimu wa Michezo anionyeshe rekodi za riadha za shule hii. Alikuwa mkarimu, akafungua kabati. Tulikuta vikombe, vingine bila masikio, na fulana moja. Daftari halikuwamo. Wazee wenzangu, mimi nawakumbuka mabingwa wa wakati wetu, nanyi mnawakumbuka, na jana usiku tumebishana mpaka saa saba kama mbio za kupokezana vijiti tulimaliza kwa sekunde 44 au 45. Hakuna awezaye kutuamulia. Sisi tutakapoondoka duniani, mbio zile nazo zitaondoka.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote kwa pamoja hayafikii bei ya pilau tuliyokula mchana. La kwanza, chama chetu kinunue utepe wa kupimia na saa tatu za kupimia mbio, na uwanja upimwe upya kila mwaka kabla ya kupiga chokaa. La pili, linunuliwe daftari kubwa lenye jalada gumu, likae maktaba na si kabatini, na kila matokeo yaandikwe humo siku ile ile, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, ya kukimbia, kuruka na kutupa. La tatu ni lenu, vijana. Wachagueni wanafunzi wawili kila mwaka wawe waandishi wa riadha. Wasiwe wale walioshindwa kuingia timu, bali wenye macho makali na mwandiko unaosomeka. Mimi niko tayari kuja kuwafundisha, kwa nauli yangu.

Nimeona katika ratiba kwamba kesho saa nne kuna mita 100 za wazee, nami nimesajiliwa. Namwomba mshika saa asisubiri sauti, atazame mbao, na aniandike majina yote matatu hata nikiwa wa mwisho.