Madoa ya Uso: Vitamini au Sumu?

Urembo wa Kikorea umetufikia hapa Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi Kinama, kupitia simu: hatua 10 kila usiku, chupa kibao. Nyingi ya hatua hizo, kwa maoni yangu, ni biashara tu. Chenye maana ni niasinamaidi, yaani vitamini B3. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli maalumu, kisha hukabidhiwa seli za juu. Niasinamaidi hupunguza makabidhiano hayo, na madoa hufifia polepole, kwa wiki kadhaa.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kung'arisha ngozi, ni mambo mengine. Haidrokwinoni na zebaki, ambazo mara nyingi humo humo hupatikana, huzuia rangi isitengenezwe. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu yaweza kuacha weusi wa kibuluu usoni, yaani balaa ileile uliyoikimbia! Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001.

Wakorea husisitiza pia kinga ya jua. Sisi tuko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua huzidisha madoa. Kofia na mwavuli vinasaidia. Krimu isiyoandikwa viambato vyake, mrudishie muuzaji.